Kidonge cha Saa Mbili

Mapendo mwanangu,

Umeenda kuaga kwaya yako, na nyumba imebaki na mimi na begi lako lililofungwa kwa mpira karibu na mlango. Nimekaa nje, jua bado liko juu ya malisho ya ng'ombe. Nimeona niandike sasa kabla hujarudi, maana ukirudi nitaanza tena habari za koti la mvua na matope ya njia ya Nyabiondo, na haya mengine yatabaki kifuani kama yalivyobaki miaka yote. Mambo ya safari unayajua kunizidi. Pikipiki itakuja asubuhi, dereva ni mtu wa kanisa letu, dawa zako za miezi mitatu ziko kwenye mkoba wa shingoni. Hayo yatosha.

Nataka kukuandikia juu ya kile kidonge cha njano, cha saa mbili ya usiku. Wewe ulikimeza ukiwa na miaka tisa, kwa miezi minane. Unakumbuka kidogo tu, na usichokumbuka mimi nimekificha. Kesho unakwenda Walikale kufundisha, na utakaa kwa mjomba wako, kaka wa mama yako. Yeye anajua nusu ya habari hii. Sitaki uisikie kwake kabla hujaisikia kwangu.

Nianze na mimi mwenyewe. Nilipokuwa kijana nilibeba kasiterite, yale mawe ya bati, kwenye machimbo ya Bisie, mzigo mgongoni, siku mbili msituni mpaka barabarani. Ndiko nilikompata mama yako, aliyekuwa akiwapikia wachimbaji. Ndiko alikozaliwa kaka yako Byamungu. Na ndiko shimo moja lilikoporomoka na wenzangu wawili ambao asubuhi ile tulikula sahani moja. Mimi nilikuwa juu nikifunga mzigo. Tulichimba kwa mikono mpaka kucha zikatoka, tukasikia sauti kwa muda, kisha hatukusikia. Baada ya hapo nilimchukua mama yako na mtoto, tukarudi huku Mushaki kulima maharagwe, na wale wawili nikawasahau. Yaani nilidhani nimewasahau.

Ugonjwa, hivi virusi vya ukimwi, tuliujua mimba yako ilipokuwa imekua. Tulipimwa wote, mama yako, mimi, kisha Byamungu, na wewe ulipozaliwa. Mama yako alikuwa amechelewa mno. Alikufa ukiwa na miaka miwili, kabla dawa hazijafika kwake kwa namna ya kumfaa. Mimi zilinikuta bado nina nguvu. Nilipewa kidonge kimoja kila siku saa mbili ya usiku, na wiki ile ile ya kwanza wale wawili wa Bisie walikuja. Sikusema ni ndoto, kwa sababu macho yangu yalikuwa wazi. Walikaa ukutani, udongo ukiwadondoka kwenye nyusi, wakaniuliza kwa nini nimechelewa kuchimba. Nilipoamka asubuhi kichwa kilizunguka kama cha mlevi.

Sikumwambia mtu. Nitakuambia kwa nini, na si kwamba naomba unionee huruma. Nguvu zilinirudia mwilini, nikaweza tena kulima, na watu wa santere ya afya wakanichagua niwe rele, yule anayepita nyumba kwa nyumba kuwakumbusha wagonjwa kumeza. Nilipenda kazi ile. Niliona akina mama waliokuwa wakisubiri kufa wakirudi shambani. Sasa fikiri, mimi niingie nyumbani kwa mtu niseme hii dawa ni nzuri, ila inaniletea wafu. Nani angemeza? Nikajiambia wale wawili ni deni la roho yangu, dawa haihusiki. Nilikuwa najua siku walipoanza kuja. Nilijua kabisa.

Byamungu alipofika miaka kumi na miwili walimbadilishia dawa, akapewa na yeye kidonge cha njano. Wewe ulikuwa na miaka minne. Sijui kama unamkumbuka alivyokuwa kabla. Alikuwa mtoto wa kucheka. Kila asubuhi alishusha madumu ya maziwa kwa mtengeneza jibini kabla ya kwenda shule, na njiani aliwaiga ng'ombe wa watu mpaka wachungaji wakamjua kwa jina. Baada ya mwezi mmoja madumu yalianza kumwangukia. Alikuwa akisimama katikati ya njia akitazama pembeni. Mwalimu alimwita mvivu, kwa sababu alilala darasani, na akiamshwa alipiga watu. Mimi niliona usiku hawezi kulala. Alikuwa akiketi kitandani uso ukielekea mlangoni.

Sikumwuliza anaona nini, Mapendo. Mtu mwingine angekuwa na haki ya kutojua. Mimi nilijua ni swali gani la kuuliza, na niliogopa jibu.

Alipoanza kukataa kidonge, nilimshika pua. Kila siku saa mbili, mkono mmoja puani, mwingine kwenye kidevu, mpaka koo lisogee. Nilimpa na maziwa yaliyojaa mafuta ili yakiteremshe vizuri. Niliona ninamtunza. Kulikuwa na wazazi wengine waliosahau dawa za watoto wao, na mimi nilikuwa mfano wa santere nzima.

Mjomba wako alikuja kututembelea mwaka ule. Alikaa siku tatu. Siku ya pili alimchukua Byamungu, wakakaa kando ya boma la ng'ombe, na akamwuliza lile swali. Yeye ndiye mtu mzima pekee aliyemwuliza. Kaka yako akamwambia kuna watu wanasimama mlangoni kila usiku, wamempa mgongo. Akasema anaogopa siku watakayogeuka. Mjomba akaja kwangu, akasema mtoto anaitwa na watu wa kwao wa msituni, tumpeleke Walikale wazee wamwoshe kwa majani kama desturi yao ilivyo. Nilimfukuza. Nilimwita mtu wa shetani mbele ya watoto wangu, na aliondoka bila kula. Kwa hiyo utakapofika kwake na kuona anakupokea vizuri, ujue anakupokea juu ya tusi hilo. Majani yake pengine yasingesaidia kitu. Lakini mtoto angekaa mahali ambapo watu wanamwamini.

Siku moja nilikuta vidonge ndani ya kiatu cha mvua cha Byamungu, vimeshikana kwa unyevu. Alikuwa ameviweka chini ya ulimi na kuvitema kwa siku nyingi. Nilimpiga kwa fimbo ya kuchungia. Nilimpiga wewe ukitazama, na natumaini hilo umelisahau. Juma lililofuata aliondoka kwenda machimbo ya Rubaya kubeba magunia ya madini ya koltani. Alikuwa na miaka kumi na minne. Kule hakumeza dawa yoyote, wala ile mbaya kwake wala zile nzuri.

Rubaya si mbali. Kutoka hapa ni nusu siku kwa miguu. Sikwenda. Nilisema atarudi akishikwa na njaa. Alirudi baada ya miezi kumi, amebebwa kwenye kipoyi, machela ya miti, na vijana wanne waliopokezana mabegani, na alikuwa mwepesi kiasi kwamba mmoja wao aliniambia hawakuchoka. Alikaa nasi siku tisa, akafa. Ulikuwa na miaka saba. Nilikwambia ni kifua. Ilikuwa kifua, lakini kifua kilipata njia kwa sababu aliacha dawa, na aliacha dawa kwa sababu zilizokuwa nyumbani mwangu.

Halafu nilifanya jambo ambalo hata leo likinijia nasimama nilipo. Nilimtumia. Nilipokuwa nikipita nyumba kwa nyumba, nikikuta kijana anayekataa kumeza, nilimwambia: tazama, mimi mwanangu alikuwa mkaidi, kaburi lake liko pale mlimani. Watu walilia pamoja nami. Walimeza.

Ulipotimiza miaka tisa, siropu uliyokuwa ukipewa tangu utoto iliacha kuja, wakakupa kidonge cha njano. Nilifurahi. Nilisema sasa umekua.

Haikuchukua wiki mbili. Uliniita usiku, nikaja, ukanionyesha mlango, ukaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetangaza mgeni: "Papa, Kaka amekuya. Analowa. Umupe nguo."

Nilikwambia ulale. Ukaniambia anakataa kuingia kwa sababu mimi niko ndani.

Ukawa unamwona karibu kila usiku, kisha na mchana, darasani, kwenye bomba la maji. Ulikonda. Ulianza kuzungumza peke yako kwa lugha ya utani mliyokuwa nayo, ambayo mimi sikuijua. Nilikupeleka santere. Mwuguzi alikupima malaria, akaniuliza kama kuna mtu mwingine nyumbani aliyewahi kuwa hivi. Nikasema hapana. Nilirudi tena baada ya miezi kadhaa, akaniuliza tena, nikasema hapana, akaandika kwamba ni huzuni ya kufiwa na kaka. Na mimi nilikubali, nikarudi nyumbani, nikakupashia maziwa, na saa mbili nikakupa kidonge.

Usiku mmoja ulikikataa. Ulisema, "Kaka anasema nikiteme. Anasema hii dawa njo inaleta batu."

Nikakushika pua. Mkono huu ninaoandikia, Mapendo, ulikuwa puani mwako, na nilihisi ni pua ile ile.

Asubuhi ya siku ya pili kitanda chako kilikuwa kitupu. Mama mmoja muuza maziwa alikukuta barabara ya Sake, bila viatu, ukitembea katikati ya magari ya mizigo. Alikuuliza unakwenda wapi, ukasema unamfuata kaka yako maana anatembea haraka. Lori moja lilikuwa limesimama likipiga honi, na wewe hukulisikia. Alikushika mkono akakuleta. Siku hiyo hiyo nilikupakia kwenye pikipiki mpaka hospitali kubwa.

Pale tulimkuta daktari mama, mgeni wa nchi yetu hii ya juu, aliyekuwa akisema Kiswahili polepole. Hakuanza na mimi. Alikuuliza wewe unaona nini, na ulimweleza yote bila woga. Kisha akanigeukia.

"Papa, kuna mwingine nyumbani aliona vitu hivi?"

Nikasema hapana. Neno hilo lilikuwa limezoea kutoka.

Wewe ulikuwa umekaa kitandani miguu ikining'inia. Ulinitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtoto anayeona mkubwa amesahau kitu cha wazi. Ukasema, "Kaka aliwaona. Na Papa pia. Kila usiku anaongea nabo, anabaambia alichimba, alichimba."

Daktari aliweka kalamu chini. Alingoja. Sijui ningefanya nini kama angenigombeza, pengine ningekataa tena. Lakini alingoja, na mimi nikaanza kulia mbele yako, nikamwambia wale wawili walianza kuja lini. Nikamwambia habari za Byamungu.

Alichonieleza nimekishika neno kwa neno, na wewe ukishike, maana kitakuwa chako mpaka kwa watoto wako. Alisema ndani ya ini kuna kitu kinachovunja dawa na kuiondoa mwilini. Kwa watu wengi kinafanya kazi upesi. Kwa wengine, na si wachache katika nchi zetu, kinafanya kazi polepole sana, hivyo kidonge cha leo kinakuta cha jana bado kiko damuni, na cha juzi, dawa inajaa mpaka kichwani. Kile kidonge cha njano kikijaa hivyo kinaweza kuvuruga usingizi, kuleta kizunguzungu, kuonyesha watu wasiokuwepo, hata kumfanya mtu atake kujiua. Vyakula vya mafuta vinakiongeza. Aliposema maziwa, niliangalia chini. Na hali hiyo ya mwili mtu huzaliwa nayo, alisema, sehemu moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Kwa mama yako hatukuweza kujua, maana yeye hakuwahi kukimeza. Sehemu yake tuliiona kwenu ninyi.

Alisema hapa hakuna mashine ya kulithibitisha hilo. "Lakini watu watatu wa nyumba moja," akasema, "mimi sihitaji mashine." Kisha akaniuliza, bila ukali, kwa nini sikusema mara ya kwanza. Angekuwa na dawa nyingine ya kumpa yule kijana. Ilikuwepo tangu zamani, kwenye kabati la santere ile ile niliyofanyia kazi.

Akatubadilishia dawa wote wawili. Hakusema tuache, alisema tubadili, na nataka uone tofauti ya maneno hayo mawili, kwa sababu kati yake ndipo kaka yako alipopotelea. Dawa unayomeza sasa ni nyingine, na imekufaa miaka hii yote. Lakini na hiyo, ikikunyima usingizi ao ikikuletea kitu kichwani, usikae nacho. Nenda ukaseme. Asiyekusikia leo, rudi kwake kesho, ao tafuta mwingine. Na ukiulizwa nani mwingine kwenu, taja majina yetu. Siku ukipata mchumba, na yeye umwambie. Ukipata mtoto mwenye kuona watu mlangoni, kaa kitandani kwake umwulize wako wangapi na wanasema nini, kabla hujafanya jambo jingine lolote.

Baada ya wiki tatu ulianza kulala. Nilikuwa nikikaa macho kukusikiliza. Wale wawili wa Bisie nao walipungua, wakawa vivuli, kisha ukuta ukawa ukuta. Watu wa kanisa walikuja kutoa shukrani. Wewe siku ile ulikuwa umejificha nyuma ya jiko, unalia. Nilikufuata nikakuuliza una nini. Uliniambia Kaka haji tena, na kwamba hakukuaga.

Kisha uliniuliza kama Kaka alikuwa mgonjwa kama wewe.

Nikasema hapana. Nilijua yote wakati huo, daktari alikuwa amenieleza yote, na nikakwambia kaka yako alikuwa mkaidi tu. Uliitikia kwa kichwa. Umeishi na neno hilo miaka kumi. Mwaka jana nilikusikia ukiwaambia wasichana wa kwaya kwamba ulikuwa na kaka aliyekataa dawa kwa ukaidi, na ulisema kwa sauti yangu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta namna ya kuandika barua hii.

Hakuwa mkaidi. Alikuwa mtoto aliyeona kitu cha kutisha kikija na kidonge, akakataa kidonge. Wewe ungefanya hivyo. Mimi mwenyewe sikukataa kwa sababu nilidhani ninastahili.

Kuna jambo moja la zile siku tisa nililoliruka. Siku ya saba Byamungu alikuwa na akili zake kabisa. Ilikuwa mchana, wewe ulikuwa shule, mimi nilikuwa nikimfuta miguu kwa kitambaa. Aliniita, akasema, "Papa, na weye unabaona?"

Nilichukua ndoo, nikasema ninakwenda kuchota maji. Ndoo ilikuwa na maji. Aliona ilikuwa na maji. Niliyamwaga nje, nikaenda bombani, nikakaa huko mpaka nikasikia watoto wa shule wakirudi. Nilipoingia alikuwa amegeukia ukuta. Hakuniuliza tena, na baada ya siku mbili akafa.

Na hili la mwisho hakuna anayelijua. Tulipobadilishiwa dawa, kopo langu la zamani lilibaki na vidonge vichache, na badala ya kuvirudisha santere, nilivificha darini. Miezi mingi baadaye, ulipokuwa kwenye kambi ya kwaya, nilivishusha nikameza viwili kwa pamoja. Nilitaka mwanangu aje, kama alivyokuja kwako. Nilikuwa nimemwekea nguo kavu juu ya kiti. Walikuja wale wawili wa Bisie, wakakaa mahali pao. Nilingoja mpaka kulipopambazuka. Yeye hakuja, na vilivyobaki nikavipeleka santere asubuhi hiyo.

Kwa hiyo nakuandikia wewe, maana sina mwingine wa kumpa jibu lake. Ndiyo, Byamungu. Na mimi niliwaona. Niliwaona tangu ukiwa mdogo, kila usiku, na nilijua hukuwa unadanganya.

Baba yenu wote wawili,
Papa